Kuku Wanajua Kuwa Ni Mchana

Namsifu Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyenipa macho ya kusomea hadi uzee huu na vidole ambavyo bado vinashika kalamu ingawa vinatetemeka. Namshukuru kwa mchana aliotupa wa kufanyia kazi na usiku aliotupa wa kupumzikia, na kwa rehema yake inayotufikia nyakati zote mbili. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nasimulia.

Mjukuu wangu anafundisha shule ya msingi hapa Iringa. Juzi alikuja na mzigo wa madaftari, akautua juu ya mkeka wangu, akasema, "Babu, hawa watoto hawana la kuandika. Nawapa kichwa cha insha, wananipa mistari mitatu, wanalala. Ninyi zamani mlifanyaje?" Nilicheka kidogo, halafu nikajitia kuyapanga madaftari, maana nilihisi uso ukiniwaka. Akaondoka bila jibu. Jibu langu ni refu, na sehemu yake kubwa ni aibu. Nimeona afadhali nimwandikie.

Nimezaliwa hapa Iringa mjini. Babu yangu alipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, akaoa, akabaki. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika kibaraza cha duka la Mhindi, na jioni alisomesha watoto Qur'ani nyumbani kwetu. Kwake nilijifunza kuandika kwa kunakili. Ubao wa mti, kalamu ya bua, wino wa masizi; ukikosea unaosha ubao, unanakili tena mpaka mkono wako ufanane na mkono wa mwalimu. Hadithi za kubuni baba hakuzipenda. Alisema zinakula wakati wa sala. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukusimuliana ngano, wala mchana wala usiku. Watoto wa jirani zetu Wahehe walisimuliana, nikawa nawasikia kupitia ukuta, lakini sikuwahi kuketi nao.

Katika miaka ya hamsini, wakati nchi bado iko mikononi mwa Waingereza, nilimaliza mafunzo ya ualimu nikapangiwa shule ndogo upande wa Chimala, kwenye uwanda wa Usangu, pale milima inapoishia ghafla kama imekatwa. Shule ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi, na madirisha yake yalikuwa matundu matupu. Tulikuwa walimu wawili. Mwalimu mkuu alikuwa Mbena, mtu mzima, Mkristo, mwenye baiskeli na mzaha usiokwisha. Mimi alinipa darasa la nne.

Wanafunzi wangu niliwafundisha nilivyofundishwa. Niliandika ubaoni, wakanakili. Wakawa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimesimama sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Nilijivunia sana. Lakini nilipofuta ubao na kuwaambia waandike ya kwao, nilipata hivi: "Ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama. Ng'ombe ana miguu minne. Ng'ombe anatupa maziwa. Hii ndiyo insha yangu ya ng'ombe." Darasa zima, daftari hadi daftari. Na hawa walikuwa watoto wa Kisangu waliolala chumba kimoja na ndama, waliomjua kila ng'ombe wa kijiji kwa tabia yake.

Siku moja mwalimu mkuu alirudi kutoka mkutano wa walimu, akaegemeza baiskeli ukutani, akaniambia, "Mwaka huu mtihani wa kwenda darasa la tano utakuwa na insha. Na mkaguzi amedokeza kwamba wataambiwa waandike hadithi. Hao ng'ombe wako wafungie zizini."

Habari hiyo ilimgusa mtoto mmoja kuliko wengine. Katika darasa la nne alibaki msichana mmoja tu. Wavulana waliokosa nafasi shule ya kati waliweza kujaribu huku na kule, lakini kwa msichana ilikuwa shule moja ya bweni, nafasi za kuhesabika, na mlango ukifungwa umefungwa. Baba yake alikwenda migodini na habari zake zikapotea. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Mbeya kwa ugonjwa wa kifua tangu mvua za mwanzo. Aliishi na bibi yake, mama wa mama yake, na kila jioni alipika, akaosha vyombo, akawalaza wadogo wa nyumba ile.

Na alikuwa msimulizi. Niligundua nikienda mtoni kuchukua maji ya udhu, jua limezama. Nilipita karibu na jiko la bibi yake nikasikia sauti yake ikiwasimulia wadogo habari za fisi aliyekwenda kuchumbia, akajifunga kamba tumboni ili asile sana mbele ya wakwe. Alisimulia nusu kwa Kisangu nusu kwa Kiswahili, na aliigiza sauti ya fisi akikataa nyama kwa adabu huku udenda unamtoka. Nikasimama penye ua. Nilitaka kujua kama ile kamba itakatika. Lakini sala ya magharibi ilikuwa inanipita, nikaondoka nimefurahi, nikisema moyoni: kumbe mtihani tumeshaushinda.

Kesho yake asubuhi nikaingia darasani kwa mbwembwe.

"Leo hakuna ng'ombe," nikawaambia. "Leo mtaandika hadithi. Zile mnazosimuliana nyumbani. Haya, andikeni."

Vichwa vikainama. Hakuna aliyechovya kalamu.

"Kwani hamnisikii?"

"Tunasikia, mwalimu."

"Sasa?"

Mvulana mmoja mrefu wa nyuma, mcheshi wa darasa, akasema, "Mwalimu, jua bado liko."

Wenzake wakacheka wakifunika midomo. Nikadhani ananikejeli. "Jua likiwepo kalamu haziandiki?"

"Zinaandika, mwalimu," akanijibu kwa upole. "Zinaandika ng'ombe."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa kijana, na kijana akichekwa na watoto hukaza shingo. Nikasema hakuna mapumziko wala kwenda kula mpaka kila mtu aandike. Wakakaa. Jua likapanda, njaa ikawauma, wakapiga mistari ya pambizo, wakaandika tarehe kwa mapambo, wakaandika neno "Hadithi" na kulipigia mstari. Mmoja alinikabidhi daftari lenye maneno haya: "Hapo zamani. Mwisho."

Nikamwita msichana mbele. "Wewe unayo. Jana nimekusikia kwa masikio yangu. Ile ya fisi na kamba yake. Kaa mezani kwangu uandike, wenzako waone."

Akakaa. Akaandika tarehe. Kisha chozi likaangukia tarehe ile, wino ukasambaa. Hakutoa sauti. Darasa nalo lilikuwa limeacha kucheka, na walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Niliwaruhusu kwenda nyumbani bila kujua ninawaruhusu kwa sababu gani.

Mwalimu mkuu alinikuta kizingitini.

"Umewaambia nini hao? Wametoka kama wametoka msibani."

"Nimewaambia waandike hadithi."

"Sasa hivi? Mchana?" Akanitazama kwa makini. "Kijana, wewe umezaliwa wapi?"

"Iringa."

"Iringa ipi?"

Akacheka peke yake mpaka akaniona sicheki. Ndipo akanieleza. Mtoto hasimulii ngano mchana. "Sisi kwetu Njombe walitutisha kwamba tutaota pembe. Hawa wa huku wamezidi, wametaja mama. Ukisimulia mchana, mama yako anakufa." Akawa ameshika baiskeli aondoke, halafu akageuka. "Na yule binti, mama yake yuko wapi vile?"

Hakungoja nijibu. Nilibaki pale nikihisi joto linapanda kutoka kifuani hadi masikioni. Nilikuwa nimezaliwa katika nyanda hizi, nikijua kusema kamwene, salamu ya huku, na kuitikia, nikijihesabu mwenyeji, na wala sikujua jambo alilolijua kila mtoto wa miaka mitano. Nikakumbuka wale watoto wa jirani zetu Iringa, walivyokuwa wakikatisha ngano zao za alfajiri jua likichomoza. Nilidhani wamechoka.

Siku iliyofuata nilijaribu njia niliyoijua. Niliwakalisha nikawaambia kwa sauti ya upole kwamba uhai na kifo vimo mikononi mwa Mungu peke yake, kwamba neno la mtoto halimfupishii mama umri wake. Waislamu wachache na Wakristo waliobaki wote wakaitikia kwa kichwa. Nikamgeukia msichana. "Unaamini hivyo?"

"Naamini, mwalimu. Mungu anajua." Akachezea ncha ya kalamu. "Lakini mama ni mmoja."

Nilikuwa nimesoma kwa baba yangu miaka mingi; nikafungua daftari la mahudhurio, nikaanza kuita majina.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuingiza shimoni, ni yule mcheshi. Aliuliza, "Mwalimu, tukifunga madirisha?" Papo hapo darasa likageuka baraza la wazee.

"Giza la mikeka si usiku."

"Ni usiku. Bibi yangu haoni, yeye anasimulia saa yoyote."

"Kuwe na moto. Pasipo moto si usiku, ni giza tu."

Basi wakaleta mikeka, tukaziba madirisha, tukawasha moto mdogo katikati ya darasa, na taa yangu ya mafuta nikaiweka mezani. Na Mungu ni shahidi, waliandika. Kwanza mmoja alisimulia kwa mdomo, wenzake wakiitikia na kumkatiza, "We, sungura hakusema hivyo!" Kisha kila mmoja aliinamia daftari lake. Kalamu ya wino mwekundu niliiweka mfukoni. Nilipita kati yao nikiuliza neno moja tu, "Halafu?" Mtoto aliyezoea mistari mitatu akanijazia kurasa mbili, tahajia imepinda, nukta hakuna, lakini hadithi ilikuwa inakwenda kwa miguu yake. Makosa tuliyarekebisha baadaye, nje, juani, hadithi ikiwa imeshakwisha kusimuliwa.

Msichana peke yake hakuandika. Alikaa karibu na ukuta, ambako mkeka ulikuwa na upenyo. Nikamwinamia. "Halafu?"

Akaninong'oneza, "Kuku wanatembea nje, mwalimu. Wanajua kuwa ni mchana."

Tulikuwa katika hali hiyo, moshi umetanda, watoto wanakohoa na kuandika, mkeka wa mlangoni ulipovutwa. Akasimama mkaguzi wa shule kutoka Mbeya, Mwafrika mwenzetu, kaptura imepigwa pasi, soksi hadi magotini, kofia ya pikipiki kwapani. Hatukuwa tumesikia hata mlio wa pikipiki yake.

"Humu mnabanika nini?" akauliza.

Akawatoa watoto nje, wakajipanga kwenye mwanga, macho mekundu, masizi puani. Mimi nikasimama mwisho wa mstari kama mmoja wao. Nilijaribu kueleza. Nilianza na ngano, nikaingia kwenye pembe za Njombe, nikapotea. Mwalimu mkuu alikuwa anautazama mlima. Mkaguzi alichukua daftari moja, akasoma, akachukua la pili. Nilitumaini angalau hadithi zenyewe zitanitetea. Akayarudisha.

"Wameandika," akasema. "Lakini mtihani utafanyika mchana, Mwalimu, uwanjani, juani. Siku hiyo jua utalifunika kwa mkeka gani?"

Akaondoka. Nyuma yake watoto walinitazama, wakisubiri jibu la swali lile. Wengi wao hawakulihitaji, kwa maana kalamu zilikuwa zimeshafunguka, na mcheshi alikwisha kusema kwamba hadithi ukiibadilisha mwenyewe si ngano tena, ni uongo, na uongo hauna saa. Msichana ndiye aliyelihitaji.

Nikaenda kwa bibi yake. Nilikaa kwenye kigoda, tukasalimiana salamu ndefu za huko, tukaulizana ng'ombe, mvua, na mgonjwa. Bibi alisema Kisangu tu, hivyo ikabidi mjukuu awe mkalimani wa shauri linalomhusu mwenyewe. Nikaomba ruhusa mtoto asimulie mchana, kwa kalamu, siku moja tu. Bibi akasema maneno mengi sana, akipiga goti lake kwa kiganja.

"Bibi anasema hapana," akatafsiri msichana.

"Mbona amesema mengi?"

"Mengine hayafai, mwalimu."

"Niambie."

Akainamisha kichwa. "Anasema umekuja kumwomba mjukuu wake amuue mwanawe."

Nilitoka pale nikitembea upande upande kama mtu aliyepigwa. Msichana alinifuata hadi penye ua. Akasema kwamba kama yuko mtu wa kuruhusu, ni mama mwenyewe, kwa sababu uhai ni wake.

Nikapanda lori la mchele lililokuwa linakwenda Mbeya, nikiwa juu ya magunia, na njia nzima nikipanga maneno. Nesi alinikubalia kuingia wodi ya wanawake alipojua mimi ni mwalimu wa mtoto wa mgonjwa. Vichwa vikageuka kwenye vitanda. Mama yule alikuwa karibu na dirisha, amekonda, macho makubwa. Nilisimama miguuni pa kitanda nikashindwa kuanza. Utamwambiaje mgonjwa umekuja kuomba jambo ambalo watu wake wanaamini litamuua? Nilitazama sakafu, nikasema yote kwa mkupuo mmoja.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wenzake wakaniangalia kwa chuki.

"Kwa hiyo mama yangu amekufukuza," akasema alipopata pumzi. "Nenda ukamuulize, nilipougua surua, nani alinisimulia kutwa nzima jua likiwaka?" Akafikiri kidogo. "Mwambie mwanangu, huku nilipo mimi sioni mchana wala usiku, nalala tu. Kwangu ni usiku siku zote. Aandike."

Akavuta kitambaa cheusi alichokuwa amejifunga kichwani, akanipa nimpelekee. Kisha nikaona bado anawaza.

"Ataogopa peke yake," akasema. Akajiinua kwenye mto, jua limejaa dirishani, akaanza: palikuwa na fisi.

"Mama we!" mgonjwa wa kitanda cha pili akamaka. "Na mama yako je?"

"Mwanangu akisikia nami nimesimulia mchana, atajua tuko wawili," akajibu, akaendelea. Hakuimaliza. Fisi alipofika mlangoni kwa wakwe, usingizi ulimchukua.

Nilirudi kwa bibi na kitambaa. Nilimfikishia habari ya surua, naye akafunika mdomo kwa aibu kama msichana. Mjukuu akatafsiri: "Anasema kumbe mama alikumbuka! Macho yake yalikuwa yamefumba kwa ugonjwa, bibi alidhani hajui ni mchana."

"Na mama yake bibi? Alipata dhara?"

Bibi akacheka, mtoto akatafsiri. "Anasema mama yake alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na wa kumpoteza."

Nikatafuta pa kutazama. Shauri langu lote lilikuwa limesimama juu ya surua ile. Bibi naye hakuwa ameacha kunitazama, akauliza swali fupi, na safari hii mtoto alichelewa kulitafsiri. "Anauliza, mama alisema tu? Au alisimulia?"

Ningeweza kujibu kwamba alisema tu. Lakini uongo ni haramu, na mbele ya macho yale nisingeufikisha mwisho. "Alisimulia," nikasema. "Mchana."

Bibi akakichukua kile kitambaa, akakinusa, akakikunja, akakiweka mapajani mwa mjukuu wake. Alisema maneno machache, na mtoto akayaleta kwa Kiswahili taratibu: "Anasema, mwanangu amekwisha kunitoa sadaka mimi kwa ajili yako. Basi andika, isiwe bure."

Siku ya mtihani watoto walikaa uwanjani, mbali mbali ili wasiibiane, kila mmoja na ubao mapajani. Msimamizi alikuwa mkaguzi yuleyule. Kichwa cha habari kiliposomwa, msichana alikifungua kitambaa, akajifunika nacho kichwa, mabega na karatasi. Likabaki umbo jeusi juani, na chini yake mkwaruzo wa kalamu.

Mkaguzi akaja haraka. "Huyu ana nini? Anaumwa?"

"Hapana, Bwana." Nilitamani ardhi inimeze. "Kwake ni usiku."

Akainua ncha ya kitambaa kwa penseli. Msichana hakuinua macho. Mkaguzi akabaki ameinama, kwa muda mrefu kuliko wa kuchunguza tu, kisha akakishusha kitambaa taratibu. Alipopita karibu yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo fisi, kamba ilikatika?"

"Sijui, Bwana," nikamjibu. "Mimi sijafika mwisho."

Bibi alifariki kabla majibu hayajatoka. Homa ilimshika, akalala, hakuamka. Mama alipewa ruhusa hospitali akaja na lori, mwembamba lakini anatembea kwa miguu yake. Mazishini nilisimama nyuma kabisa ya wanaume. Mimi niliyewahubiria watoto kwamba uhai na kifo vimo mikononi mwa Mungu, sikuweza kuinua uso. Mama yule aliniita mwenyewe.

"Mwalimu, unaniangalia kama mtu aliyeiba kuku."

"Pole, mama."

"Mama alikuwa mzee." Akaikung'uta kanga yake vumbi. "Lakini nawe umefikiria."

"Nimefikiria."

"Hata mimi. Na mtoto ameniuliza. Nimemwambia bibi yake alimaliza umri aliopangiwa. Akikuuliza, mwambie hivyo hivyo."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Basi mwambie kama unaamini, si kama ulivyosema sasa."

Nilikwenda nikamwambia mtoto, na nilijitahidi. Ninaamini, alhamdulillahi, niliamini hata siku ile. Lakini sauti yangu ilikuwa ndogo, naye aliisikia ilivyo ndogo, akanishukuru kwa adabu. Mpaka leo nikikumbuka shukrani ile natafuta mahali pa kuweka mikono yangu.

Jina lake lilitoka. Alikwenda shule ya bweni, akawa mwalimu mjini Mbeya, na mama yake akaishi naye miaka mingi. Nilipita kumsalimu, nikaomba kukaa nyuma ya darasa lake. Hadithi aliziweka kipindi cha mwisho, jua likiwa limeinama. Kabla ya kuandika aliwauliza, "Mama zenu hawajambo?" Wakajibu mmoja mmoja. Waliosema mama anaumwa aliwaambia waandike habari za ng'ombe, na ng'ombe wao walikuwa na majina, na tabia, na mmoja alikuwa mwizi wa chumvi.

Tulipotoka nje nilimuuliza jambo nililolibeba muda wote ule. Je, kamba ya fisi ilikatika?

Alicheka, akatazama jua, halafu akatazama upande wa nyumbani kwake, ambako mama yake alikuwa anaanua mchele.

"Mwalimu wangu," akasema, "bado mapema."

Mjukuu wangu, hilo ndilo jibu nililo nalo juu ya madaftari yako. Mungu akufungulie wewe na wanafunzi wako. Na wewe msomaji mwingine uliyefika hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie mama yako kama yu hai, amrehemu kama ametangulia, na akuepushe na aibu ya kuomba kwa mtoto jambo ambalo hujauliza kwanza litamgharimu nini. Amina.